Kiganja cha Baba Mkwe

Bunduki ya kupima joto ilikuja kwangu ikiwa imeshastaafu. Wakati wa korona ilikuwa langoni mwa kanisa letu hapa Kitengela, mikononi mwa mzee wa kanisa aliyetulenga kwenye paji la uso mmoja mmoja kama anayehesabu mbuzi, akasoma namba, akasema, "Ingia mama, uko sawa." Sikuwahi kusikia mtu hata mmoja akiambiwa hayuko sawa. Kuna asubuhi za baridi tulizosomeka digrii ambazo, kama zingekuwa za kweli, kwaya nzima ingekuwa mochari, na bado tuliimba. Korona ilipopoa, bunduki ikahamia kwa jirani yangu mwenye agrovet, duka la dawa za mifugo, na jirani akanipa mimi nipimie banda la vifaranga. Nikaitundika msumarini na kuisahau. Mfugaji aliyezoea vifaranga hahitaji bunduki.

Vifaranga husema wenyewe. Wakibanana chini ya taa wakipandana, wana baridi. Wakikimbilia ukutani midomo wazi na mabawa wameyaachia, umewachoma. Wakitawanyika kila mmoja na shughuli zake, nenda kanywe chai. Kifaranga hana manyoya ya kumtosha wala mafuta mwilini, joto lake huliazima kwa mama, na mama wa vifaranga wangu ni taa ya umeme. Stima ikipotea wamekuwa yatima, na mimi huingia na jiko la makaa nikimtukana kila aliyewahi kupanda nguzo ya umeme. Jambo moja nililijua kwa hasara. Kifaranga anayelia kwa baridi bado yuko nawe. Aliyenyamaza ndiye wa kumkimbilia.

Ninasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilikuwa nayajua.

Baba mkwe wangu alitoka upande wa Bisil kuja kwetu kwa sababu ya macho. Alitolewa mtoto wa jicho, akaambiwa akae karibu ili daktari amwangalie tena, na baada ya hapo hakukuwa na haraka ya kurudi. Mke wake alishafariki kabla sijaolewa. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha, na Mmaasai asiye na ng'ombe hata asubuhi hajui aamke aende wapi. Mume wangu ni dereva wa lori, huvuka mpaka wa Namanga na kupotelea Tanzania wiki baada ya wiki, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mzee. Watoto walikuwa shule ya bweni.

Mimi ni Mkamba. Baba yangu alikuja Athi River kutafuta kazi ya kiwandani, akatuzalia huko huko. Kwetu pia kuna heshima za wakwe, lakini za Wamaasai zina kufuli. Baba mkwe haingii chumba chenye kitanda cha mwanawe. Hali chakula akiniona natafuna. Simgusi na hanigusi. Mume wangu alimjengea chumba cha mabati uani, ubavuni mwa banda langu la vifaranga, na mzee akaridhika kabisa, kwa sababu kulala chini ya paa moja na mimi kungekuwa aibu kuliko baridi yoyote. Mabati ya Kitengela yana wazimu wa aina mbili. Februari yanakuoka, Julai yanakugandisha.

Mguso mmoja tu uliruhusiwa. Kila asubuhi nilipompelekea chai, niliweka kikombe chini, nikainamisha kichwa, naye akaniwekea kiganja utosini na kunisalimia kwa Kimaasai.

"Takwenya, Paashe."

"Iko, Paashe."

Paashe ni jina tuliloitana sisi wawili. Nilipoolewa alinipa ndama jike, na kwao mtu aliyekupa ndama humwiti tena kwa jina lake, wala yeye hakuiti kwa lako. Ndama mwenyewe alishakufa na ukame pamoja na mama yake. Jina likabaki.

Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto, kama sufuria iliyoepuliwa kitambo kidogo. Nilikizoea hivi kwamba siku nikiamka na hasira, na mimi ni mtu wa hasira, waulizeni wanaoniuzia chakula cha kuku, nilijikuta naharakisha chai ili niende nikawekewe mkono. Baba yangu mzazi hakuwa na tabia hiyo. Alikuwa mtu wa kunung'unika nyuma ya gazeti.

Mchana mzee alikaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya ukuta wa jirani, palipo na jua. Mazungumzo yetu yalikuwa ya wanyama, kwa sababu wanyama hawana aibu kuongelewa. Nilimwambia kwamba mwili wa kuku una joto la digrii arubaini na moja, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe kuku ni moto kuliko sisi yote! Ng'ombe mzima ni thelathini na nane na nusu. Nyinyi watu ndio baridi."

"Sisi watu, Paashe. Na wewe umo."

"Mimi niko katikati. Mimi na ng'ombe tumekaa pamoja sana."

Ng'ombe alimpima kwa kumshika sikio. Sikio likiwa baridi na pua kavu, hapo ndipo alipomwita daktari wa mifugo na kile kipimajoto chake cha kioo chenye uzi, kinachoingia chini ya mkia. Akanieleza pia jinsi ng'ombe wake walivyokwisha, na maneno hayo ningeyasikiliza vizuri zaidi kama ningejua kwamba alikuwa anajieleza mwenyewe.

"Watu wanasema jua ndio iliua ng'ombe yangu. Jua iliua, lakini iliacha zingine. Tuliomba mvua, hata nyinyi wa kanisa mliomba. Mvua ikakuja, na mvua ndio ilimaliza. Ng'ombe akikonda hana kuni ndani. Mafuta ndio kuni yake. Mvua inamnyeshea, anatetemeka, anatetemeka, halafu anaacha. Akiacha, mtoto anakuambia, 'Papa, amepata nafuu.' Hapana. Amemaliza kuni."

"Hakuna aliyepona?"

"Ndama moja. Niliingia na yeye ndani ya shuka, nguo yangu nikatoa, ngozi yake na ngozi yangu, mpaka jua ikatoka. Huyo alisimama."

Nikamwambia kwamba hata mimi vifaranga wawili watatu huwaweka kifuani, ndani ya blauzi, stima ikipotea. Akaangalia pembeni haraka. Nilikuwa nimetaja kifua changu mbele ya baba mkwe. Tukawa kama watoto waliovunja kikombe.

Julai ikaja. Asiyeijua Julai ya Kitengela hudhani Kenya ni joto tu. Ukungu unakaa hadi karibu saa sita, upepo unatoka mbuga za Athi bila kitu cha kuuzuia, na watu wanatembea wamejikunyata kana kwamba wameibiwa. Mzee akaanza kukohoa. Si kikohozi kikubwa, ni kile cha kusafisha koo ambacho hakisafishi.

"Paashe, twende hospitali."

"Ni moshi ya jiko yako."

Niliwasha jiko mbali zaidi. Akaendelea kukohoa. Hospitali alikuwa amezichoka tangu zile za macho, akasema hatalala tena kitanda alichofia mtu. Nikampigia mume wangu, mtandao ukamleta kwa vipande.

"Baba ako na homa?"

"Nitajuaje? Nimshike wapi?"

Yeye mwenyewe alijua hakuna pa kumshika. Mkwe haweki mkono kwenye paji la uso la baba wa mumewe. Na kwapani, palipo na ukweli, usiniulize. Hapo ndipo nilipoikumbuka bunduki. Nilijiona mjanja kweli kweli. Ni kama iliundwa kwa ajili yetu: kifaa kinachompima mtu bila kumgusa! Nikaipangusa vumbi, nikanunua betri, nikasimama hatua moja na nusu kutoka kwa mzee nikiwa nimegeuza uso kidogo kwa heshima, nikambonyezea. Ikalia. Thelathini na sita na kitu.

Tangu hapo ikawa desturi. Chai, kichwa, kiganja, bunduki. Thelathini na sita. Mzee aliipenda. Alinyoosha shingo na kufumba macho kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mume wangu akipiga simu namwambia, "Thelathini na sita," anashusha pumzi huko aliko, anasema, "Basi yuko sawa." Sote tulijua kwamba mgonjwa ana joto. Nani alishawahi kutuambia vingine? Homa ni moto. Asiye na moto haumwi.

Lakini kiti chake kilikuwa kinatembea. Kwanza kilihama kutoka ukutani, kikasogea katikati ya ua. Kisha kikawa karibu na mlango wa banda langu. Kisha nikaenda kulisha nikamkuta ameketi ndani kabisa, magoti yake yamegusa kizuizi cha kadibodi, taa ya vifaranga inamwangaza usoni. Nikacheka.

"Paashe, umekuwa mchungaji wa kuku?"

"Hizi ng'ombe zako ni wapole," akasema.

Nilifurahi. Nilidhani amewapenda. Nilimwona mtu mzima akijisogeza chini ya taa siku baada ya siku, mimi ninayesoma baridi kwa kuangalia vifaranga wanavyosogea chini ya taa, na nikafurahi.

Alikuwa pia anatetemeka, mikono hasa, chai ikimwagikia sahani. Nilimpa blanketi la watoto na sweta la mume wangu. Nikamwongezea blanketi jingine na kofia ya sufu. Nilifanya anavyofanya kila mwanamke wa huku, kufunika na kufunika, kana kwamba blanketi ndilo linalotoa joto. Blanketi halitoi chochote. Linatunza ulicho nacho, na usipokuwa na kitu linatunza hicho hicho. Halafu kutetemeka kukaacha. Nilipomwona ameshika kikombe imara, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake nikampelekea chai. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mlango wazi, shuka na mablanketi yote mwilini. Nikaweka kikombe, nikainama.

Kiganja kilichelewa. Kilipofika utosini kilikuwa baridi.

Si baridi ya mtu aliyenawa. Kilikuwa baridi kama kitu, kama jiwe la kusagia lililolala nje. Na hakikutulia kichwani, kiliteleza kikanipiga sikioni kikaangukia bega. Nikainua macho, kinyume cha adabu, nikamtazama moja kwa moja. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Takwenya…" akasema, akasahau lililobaki.

Nikakimbilia bunduki. Nikamlenga. Thelathini na sita. Nikambonyezea tena. Thelathini na sita. Nikajilenga mwenyewe, na mimi nilikuwa nimetoka jasho la hofu mgongo mzima: thelathini na sita. Nikalenga ukuta wa mabati wenye umande. Sikumbuki ilisema nini, nakumbuka nilivyoitupa.

Niliogopa. Maji yalikuwa yamenifika shingoni na nilikuwa peke yangu nayo. Nilipiga kelele nikimwita mume wangu ambaye alikuwa nchi nyingine. Wanaume wote wa mtaani walikuwa kazini, milango imefungwa. Nikapanda juu ya tenki la maji, nikamwita jirani juu ya ukuta.

Jirani yangu, yule wa agrovet, ni mwanamke mnene wa kutoka Murang'a, mjane, mwenye pikapu na mdomo. Alikuja na slipa na leso kichwani, akamtazama mzee mara moja tu, akaacha mzaha aliokuja nao.

"Ngai! Umempima?"

"Ni thelathini na sita."

"Na hiyo bunduki? Si nilikuambia ni ya vifaranga? Hiyo imekufa kitambo, inasema tu kitu imezoea kusema!"

Akarudi dukani kwake mbio, slipa zikimpiga visigino, akaja na kipimajoto cha ng'ombe, cha kioo, kipya, bado kiko kwenye bomba lake. Akakikung'uta. Kisha akafunua shuka la baba mkwe wangu hivi hivi, mbele yangu, akakipachika kwapani na kuubana mkono. Mzee alinitazama mimi, si yeye. Macho yale mapya aliyotengenezewa yalikuwa yananiomba nitoke. Sikutoka, niligeuka tu nikaangalia mlango.

Tukangoja. Jirani akakitoa, akakigeuza geuza kwenye mwanga. Zebaki ilikuwa chini kabisa, haijapanda hata kugusa namba ya kwanza, thelathini na tano.

"Ni mbovu," akasema. Akakitia kwapani mwake mwenyewe. Tukangoja tena, nikisikia mzee anavyovuta pumzi fupi fupi. Akakitoa. Zebaki ilikuwa imepanda ikasimama pale pale pa mtu mzima mwenye afya.

Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga, lakini huyu hakuficha. Alikuwa amekuja kukaa chini ya taa yangu.

Tulimpakia kwenye pikapu, kiti cha mbele, tukampeleka kliniki ya karibu. Muuguzi alikuwa kijana wa kike mwenye haraka, akasikiliza mapafu ya mzee, akabonyeza kucha zake, akauliza alikuwa na homa tangu lini.

"Hakuwa na homa," nikasema. "Nilimpima kila siku."

"Na nini?"

Nikamwambia. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Hiyo inapima ngozi halafu inakisia ya ndani. Mzee kama huyu, amekonda hivi, anaweza kuwa na nimonia mbaya na asipate homa. Mwili hauna nguvu ya kuwasha moto. Badala ya kupanda, anashuka." Akaandika haraka. "Sina oksijeni ya kutosha hapa na sina kitanda. Mpelekeni Kajiado. Na njiani msimwache apoe zaidi. Mablanketi peke yake hayatasaidia, hana joto la kutunzwa. Mtu amshike. Mwili kwa mwili."

"Mtu nani?" nikauliza.

Akatutazama sisi wawili. Jirani alikuwa na funguo za gari mkononi.

Barabara ya Namanga kutoka Kitengela hadi Kajiado nimeipita mara nyingi, na sijawahi kuujua urefu wake kama siku hiyo. Hita ya pikapu ilikuwa imekufa zamani. Malori yalitusukuma na upepo wake. Tulipita geti za mashamba, mbuga ikafunguka pande zote mbili, kijivu, bila jua hata tone. Mzee alikuwa katikati yetu, kichwa kinagongagonga kioo cha nyuma. Nilikuwa nimejibana mlangoni ili nguo yangu isiguse yake. Hata pale. Fikiria ujinga wa heshima: mtu anakufa na bado ninampa nafasi.

"Mshike!" jirani akafoka.

"Siwezi. Wewe hujui. Ni baba mkwe."

"Atakuwa maiti mkwe! Mshike, mwanamke!"

Nikafungua koti. Nikafungua vifungo vya blauzi. Nilikuwa nalia kwa aibu, nasema ukweli, kwa aibu kwanza na huzuni baadaye. Nikalifunua shuka lake, nikamvuta. Alikuwa mwepesi, mbavu tupu, na baridi yake iliponigusa kifuani nilipiga yowe. Akaweka kiganja kifuani pangu kunisukuma. Hakuwa na nguvu ya kusukuma hata kifaranga.

"Paashe," akasema. "Hapana. Paashe, hapana."

"Nyamaza, Paashe."

"Ni vibaya."

"Ulifanya nini na yule ndama? Uliuliza ni vibaya?"

Akafumba macho. Machozi yakamtoka, nikayahisi shingoni, na hayo tu ndiyo yaliyokuwa na joto. Nikamfunga ndani ya koti, shuka, mablanketi, nikambana kama ninavyobana vifaranga, nikiongea upuuzi wowote ulionijia: usinyamaze, ongea, nitukane, niambie mimi ni mke mbaya. Kila aliponyamaza nilimtikisa. Isinya tulipita sijaiona. Mahali fulani baada ya hapo alianza kutetemeka tena, kidogo, begani, kisha mwili mzima, meno yakigongana karibu na sikio langu.

"Anatetemeka! Mama Agrovet, anatetemeka!"

"Ni mbaya?"

"Ni nzuri! Endesha!"

Hospitalini Kajiado walinitoa kwake kama wanavyotenganisha vitu vilivyogandamana. Wakamtia oksijeni, dripu, wakamzungushia chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo. Daktari akamwingiza kipimajoto mahali pale pale pa ng'ombe, nyuma ya pazia, akasema namba ambayo bado ilikuwa ya chini. Mimi nilikaa kwenye benchi, blauzi imefungwa vifungo visivyolingana, nikitetemeka kama aliyetolewa mtoni. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kuna jioni walituambia tuwaite watu wake. Vifaranga wangu wengi walikufa wiki hiyo, stima ilipotea na hakukuwa na mtu wa kuwasha jiko. Sikuwalilia.

Mume wangu alipofika alinikuta kwenye benchi lile lile. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye pikapu nilisita. Nikamwambia. Akaangalia viatu vyake vya safari.

"Nani mwingine anajua?"

"Jirani."

"Basi Kitengela yote inajua," akasema, na hiyo ilikuwa kweli.

Mzee hakufa. Lakini tangu alipopata fahamu hakutaka niingie wodini. Nikifika mlangoni anageukia ukuta. Alipotolewa, shemeji yangu mkubwa alikuja na gari akamchukua moja kwa moja hadi Bisil, wala hakupitia kwetu kuchukua kiti chake. Habari ilikuwa imewatangulia. Shemeji yule alinipita kwenye korido bila kunisalimia, na hajanisalimia mpaka leo ninapoandika. Nilirudi Kitengela nikafua yale mablanketi. Asubuhi nilijikuta nimebeba kikombe cha chai hadi kwenye chumba cha mabati kitupu, nikasimama pale kama mwenda wazimu. Nilimwambia mume wangu kwamba nimeokoa mtu na nimempoteza siku hiyo hiyo.

Jua liliporudi mume wangu akasema twende tukamwone, la sivyo kimya hiki kitaota mizizi. Nilikataa, tukagombana, nikaenda. Ilikuwa siku ya soko Bisil, na mzee alikuwa ameketi na wazee wenzake kwenye benchi nje ya duka, ng'ambo ya zizi la mbuzi, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amenenepa kidogo. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake. Walipotuona wakanyamaza wote, na ule ukimya ulinitosha kujua kilichokuwa kikiongelewa.

Mume wangu akasalimia kwanza. Ikabaki zamu yangu. Nikavuka ile nafasi, vumbi la mbuzi likinipanda miguuni, nikasimama mbele ya baba mkwe wangu, nikainamisha kichwa.

Nikangoja.

Kiganja hakikuja. Nilisikia mbuzi, nilisikia mtu akikohoa. Niliona viatu vyake vya matairi na ncha ya fimbo. Nikajiambia, ngoja kidogo. Nikangoja kidogo. Kisha nikajiambia, basi, amekataa, inua kichwa uende nyumbani, usilie mbele ya watu hawa.

Nikainua kichwa.

Alikuwa amevua kofia. Ameiweka gotini, na kichwa chake, upara wote na makovu yake, kilikuwa kimeinama mbele yangu, chini kuliko nilivyokuwa nimeinama mimi, kama mtoto anavyomwinamia mama yake. Sijui alikuwa amekaa hivyo muda gani. Wazee wenzake walikuwa wanaangalia chini. Shemeji alitema mate pembeni akaondoka.

"Takwenya, yeyo," mzee akasema, akiiambia ardhi.

Yeyo ni mama. Mkono wangu haukujua kazi hiyo. Niliuinua, nikauweka utosini.

Alikuwa na joto.